Kutoka Gondokoro hadi Jebel Kujur: matembezi ya Jumamosi mbili

Nyumbani kwetu Juba kazi za shule za watoto hufanywa kwenye meza ya chakula, baada ya vyombo kuondolewa. Jioni moja ya mwezi wa Februari mpwa wangu wa kike, aliye darasa la sita, alinisogezea daftari lake nimkagulie. Swali lilimtaka ataje mahali patatu pa historia katika Afrika ya Mashariki. Alikuwa ameandika Kilwa Kisiwani, Ngome ya Yesu ya Mombasa na Bonde la Olduvai. Majibu yalikuwa sahihi, nami nikayatia alama ya vema kwa penseli.

"Mjomba," akaniuliza, "sisi nasi tumo katika Jumuiya. Mbona kwetu hakuna?"

Ni kweli tumo. Sudani Kusini ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Aprili 2016, mjini Dar es Salaam. Nami kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali nilisomea cheti cha ualimu, tena Kiswahili changu nilikipata Kakuma, nilipokuwa mtoto wa kambini; kwa hiyo mtu angenitazamia niwe na jibu mdomoni. Sikuwa nalo. Nilimwambia tu kwamba kwetu papo, tena pengi. Akauliza wapi. Nikanyosha kidole dirishani, upande wa mto, na kwa kidole hicho nikawa nimejifunga ahadi ya Jumamosi.

MTO ULIPOKATAA

Asiyeujua mto wetu hawezi kuijua historia yetu, basi tuanze hapo. Mto upitao Juba huitwa kwa Kiarabu Bahr el-Jebel, yaani Mto wa Mlima. Ndio huo huo ambao mbele, baada ya kukutana na mito mingine, huitwa Nile Nyeupe. Kutoka Nimule, mpakani na Uganda, maji hushuka kwa ghadhabu juu ya miamba. Pale Fula, karibu na Nimule, mto mzima hubanwa katika mlango mwembamba wa mawe, ukatoa povu na ngurumo. Hakuna merikebu inayopita. Lakini ukiisha kuipita Rejaf, kusini kidogo mwa Juba, mto hutulia kama mtu aliyemaliza kugomba, na kutoka hapo chombo chaweza kushuka hadi Kosti, nchini Sudani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,400.

Jambo hilo moja ndilo lililouleta mji. Kila mgeni aliyetoka kaskazini kwa meli alikomea hapa, kwa sababu mto ulimkatalia kuendelea. Na kila aliyetoka kusini kwa miguu alifika hapa akitafuta chombo. Wasafiri, wamisionari, wachuuzi wa pembe, wawindaji wa watumwa, maofisa wa Misri, Waingereza, askari wa Mahdi, Wabelgiji, wote walisimama katika kipande hiki cha mto ambacho waweza kukitembea kwa siku mbili. Makao ya serikali nayo yalihamahama kando ya maji, mithili ya mafiga ya mama anayekimbia moshi: Gondokoro, kisha Lado, Rejaf, Mongalla, mpaka katika miaka ya 1920 Waingereza walipoyaweka hapa Juba. Wazee wa Kibari husema jina la mji limetokana na Jubek, mzee mkuu wa mahali hapa.

Meli za kwanza za kigeni zilizotufikia katika kumbukumbu zilizoandikwa zilitumwa na Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri. Nahodha wake Salim alifika karibu na hapa mwaka 1841, akayakuta mawe, akageuza. Kabla ya hapo, kilichowazuia watu wa kaskazini hakikuwa mawe bali kinamasi. Hata askari waliotumwa na mfalme Nero wa Roma katika karne ya kwanza walikwama kwenye majani, wakarudi.

GONDOKORO

Jumamosi ya kwanza tulitoka alfajiri, mimi, mpwa wangu na kaka yake mdogo. Dada yangu alitufungia kisra katika kitambaa kibichi (kisra ikipigwa na upepo wa kiangazi hukauka kama karatasi), mayai ya kuchemsha, njugu, na chupa mbili za maji yaliyochemshwa usiku. Tulishukia upande wa soko la Konyo-Konyo, ambako mitumbwi huleta mboga na kurudi na watu.

Jina la Gondokoro leo limebaki kwa kisiwa kilicho mkabala na mji. Kituo chenyewe cha zamani kilikuwa katika ukingo wa mashariki, na tangu wakati ule mto umechezea kingo zake mara nyingi. Asubuhi ile tulikuta mashamba ya mboga, miembe, mbuzi, na kina mama waliokuwa wakifunga matita ya sukumawiki na mlenda kwa ajili ya soko. Mtoto mdogo alitaka kuona "jengo la historia." Hakuna jengo. Hakuna nguzo, hakuna kibao, hakuna jiwe lililoandikwa.

Basi tukakaa chini ya mwembe nikawasimulia yasiyoonekana.

Hapa, mwanzoni mwa miaka ya 1850, mapadri Wakatoliki waliotumwa kutoka Austria walijenga misheni. Mkuu wao alikuwa Ignaz Knoblecher. Walijenga kwa matofali, wakapanda bustani, wakajifunza Kibari. Homa iliwamaliza mmoja baada ya mwingine, na biashara ya watumwa iliwaharibia kila kitu, kwa sababu Wabari walikuwa wakiwaona wageni wote wa kaskazini kuwa ni wamoja. Kabla ya miaka ya 1860 kufika kati, misheni ilikuwa imekwisha kuachwa. Samuel Baker, Mwingereza, alipofika mwaka 1863 pamoja na mkewe Florence, alikuta mabaki ya matofali na miti michache ya jamii ya ndimu. Palipokuwa na kanisa palikuwa na kambi za wachuuzi wa pembe na watu waliofungwa minyororo. Alipaandika vibaya sana mahali hapa, na katika hilo mimi simlaumu.

Sasa sikiliza, msomaji uliye Bagamoyo, Tanga au Unguja, maana habari hii ni yako pia. Katikati ya Februari mwaka huo wa 1863 walitokea Gondokoro, kutoka kusini, watu waliochoka, nguo zimewararukia. Walikuwa ni Speke na Grant, Waingereza waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile. Vitabu vya shule husimulia jinsi Baker alivyowapokea, wakapeana mikono na kunywa chai. Lakini Waingereza hao wawili hawakuja peke yao. Walikuwa wameanza safari Unguja na Bagamoyo mwaka 1860, wakapita Tabora, Karagwe, Buganda na Bunyoro, na waliobeba mizigo, waliokalimani, waliopatana bei ya chakula na kulinda kambi usiku walikuwa watu wa pwani yetu. Wengi walitoroka au walikufa njiani. Wachache waliobaki walifika hapa, na mkuu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India utumwani, kisha akarudi Unguja akiwa mtu huru.

Kwa hiyo Kiswahili hakikuletwa Juba na sisi tuliorudi kutoka makambini, wala hakikuja na madereva wa malori ya Mombasa. Kilizungumzwa katika ukingo huu zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, na watu waliokuwa wakiulizana, nadhani, kama chumvi imesalia. Kutoka Gondokoro waliteremka na mto hadi Cairo, na kutoka huko wakarudishwa Unguja kwa meli. Bombay alisafiri tena na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha na Cameron akalivuka bara zima hadi bahari ya magharibi. Jinja wamemwekea Speke ukumbusho. Ujiji wamejenga ukumbusho pale Stanley alipokutana na Livingstone. Hapa, ambapo mtu wa pwani aliona kwa mara ya kwanza meli za Misri zikielea katika mto uliotoka Uganda, sisi tunalima bamia.

Sisemi bamia ni mbaya. Mzee mmoja mwenye shamba, ambaye alikuwa amesimama akitusikiliza huku akiegemea jembe, aliniambia, "Mwanangu, hayo ya padri na Mturuki babu zetu walituambia. Hayajapotea. Ila hakuna aliyekuja kutuuliza." Mpwa wangu alimwuliza kama kuna mti wa ndimu wa zamani. Mzee akacheka, akasema ndimu ziko nyingi, lakini hakuna mti unaosema umri wake. Alitupa ndimu sita, akakataa fedha.

Baker alirudi mwaka 1871, safari hii akiwa gavana aliyeajiriwa na Khedive Ismail wa Misri, akapandisha bendera na kupaita Ismailia. Jina hilo halikushika. Gordon aliyemfuata mwaka 1874 alipaona pana maradhi, akahamishia makao Lado, ng'ambo, upande wa kaskazini. Gondokoro iliendelea kuwa gati. Hata ilipofika mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amekwisha kuondoka katika urais wa Marekani, alimaliza uwindaji wake wa Afrika ya Mashariki hapa, akapanda meli kwenda Khartoum. Tena wakati ule Gondokoro ilikuwa chini ya Uganda. Mpaka ulibadilishwa mwaka 1914. Mpwa wangu aliposikia hayo aliuliza kama mzee yule wa bamia angekuwa Mganda. Nikamwambia mipaka ya wakoloni haikuwauliza wenye bamia.

DAKTARI ALIYEANGUKA BAGAMOYO

Lado hatukwenda, lakini habari zake ndizo zilizotufikisha nyumbani bila mtoto kusinzia ndani ya mtumbwi.

Aliyekaa Lado ni Emin Pasha. Alizaliwa Mjerumani kwa jina la Eduard Schnitzer, akasomea udaktari, akaingia katika kazi ya Misri, na mwaka 1878 akawa gavana wa jimbo hili. Alikuwa mtu wa macho mabovu na mwandiko mdogo, aliyekusanya ndege na mimea kwa bidii kuliko alivyokusanya kodi. Mahdi alipowashinda Wamisri huko Khartoum mwaka 1885, Emin alikatwa na dunia, akahamia kusini Wadelai. Stanley alitumwa kumwokoa. Baada ya taabu kubwa walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889, na jioni hiyo hiyo, katika karamu ya kumpokea, yule daktari aliyeponea vita na njaa zote za ndani ya bara alianguka kutoka ghorofani, akavunjika vibaya. Alipona, lakini miaka mitatu baadaye aliuawa Kongo.

Askari wake wengi hakuondoka nao. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua, pamoja na wake zao na watoto wao, akawapeleka Uganda. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera, Nairobi, na lugha yao, Kinubi, ni ndugu wa damu wa Kiarabu chetu cha Juba. Nilipokuwa kijana nilifika Kibera kwa mara ya kwanza, nikamsikia bibi mmoja akimkaripia mjukuu wake mlangoni. Nilisimama barabarani kama mtu aliyeitwa jina lake. Maneno yalikuwa ya nyumbani, yaliyotoka Lado na Rejaf, yakaishi Nairobi zaidi ya karne moja bila kuomba ruhusa.

RAMANI MEZANI

Wiki ile mvua ya maswali haikukatika, nami nikalazimika kuitandaza ramani ya nchi nzima. Si rahisi kwa familia ya kawaida kuyafikia maeneo mengine. Barabara ni mbovu na usalama hubadilika. Mpaka siku hiyo itakapofika, ramani na mdomo vitatosha.

Kaskazini ya Juba mto huingia katika Sudd, kinamasi cha mafunjo na magugu maji ambacho ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Mwaka 2006 hekta 5,700,000 zake ziliandikishwa katika mkataba wa kimataifa wa Ramsar wa kulinda ardhi zenye majimaji. Huko kuna mfereji wa Jonglei, ulioanza kuchimbwa mwaka 1978 ili maji yasikawie kinamasini, yawahi Misri na Sudani. Kilomita 240 hivi kati ya 360 zilikuwa zimechimbwa vita viliposimamisha kazi mwaka 1984. Mtambo mkubwa wa kuchimbia ungali unapata kutu pale ulipozimwa. Aliyeandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1981 juu ya maendeleo ya watu wa eneo la mfereji huo, katika Chuo Kikuu cha Iowa State, ni John Garang, ambaye baadaye jeshi lake ndilo lililoufunga.

Mashariki ziko hifadhi za Boma na Badingilo. Matokeo ya hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2023 yalitangazwa mwezi wa Juni 2024: wanyama wa jamii ya swala wapatao milioni sita huhama huko kwa majira, na kati yao kobu wenye masikio meupe peke yao ni kama milioni tano. Waliobaki ni nyamera, tohe na swala wa Mongalla. Nyumbu wa Serengeti, ambao dunia nzima huja kuwatazama, ni kama milioni moja na robo hivi au zaidi kidogo. Mpwa wangu alinitazama kama mtu anayehisi anadanganywa. Nilimwambia tofauti ni kwamba Serengeti kuna barabara na hoteli. Kwetu kwa miaka mingi kulikuwa na risasi.

Kusini mashariki, katika milima ya Imatong, umesimama mlima Kinyeti wenye urefu wa mita 3,187, mrefu kuliko yote nchini, na misitu yenye baridi ambayo mtu wa Juba haamini mpaka akopeshwe sweta. Na mbali magharibi, Bahr el-Ghazal, iko Deim Zubeir, ngome ya mfanyabiashara wa watumwa Zubeir Pasha. Waliotekwa kwetu walipelekwa kaskazini kama wale wa Nyasa walivyopelekwa Kilwa na Unguja. Serikali ililiandikisha jina la Deim Zubeir mwaka 2017, pamoja na Sudd na Boma na Badingilo, katika orodha ya maeneo yanayosubiri kufikiriwa kuwa Urithi wa Dunia. Nilisoma orodha hiyo kwa furaha. Gondokoro haimo, wala Rejaf.

JUMAMOSI YA PILI

Tulianza kwa kaburi la Garang, kwa kuwa liko mjini. Alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005, miezi saba tu baada ya mkataba wa amani uliotiwa sahihi Nairobi. Wasomaji wa Tanzania watapenda kukumbuka kwamba alisoma sekondari nchini mwao na akarudi tena katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika uwanja huo ndipo uhuru ulipotangazwa tarehe 9 Julai 2011, na hapo ndipo Baba Mtakatifu Fransisko aliposalisha misa tarehe 5 Februari 2023. Watoto hawakukaa sana. Uwanja mkubwa usio na mti humchosha mtoto upesi.

Rejaf iliwafurahisha zaidi. Ni kilima chenye umbo la pia iliyogeuzwa, kilichosimama peke yake karibu na mto, kusini mwa mji. Jina hilo latokana na neno la Kiarabu la kutetemeka, kwa sababu nchi hapa hutikisika. Wazee wa Juba wanalikumbuka tetemeko kubwa la Mei 1990. Wafuasi wa Mahdi walipateka mahali hapa mwaka 1888. Tarehe 17 Februari 1897 walishindwa na jeshi la Kongo lililoongozwa na Mbelgiji Chaltin, likisaidiwa na Wazande. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa amejikodishia ukingo huu wote wa magharibi, ulioitwa Kipande cha Lado, akautawala hadi alipokufa mwaka 1909. Mwaka uliofuata ukarudishwa Sudani. Hebu fikiri, msomaji: mtu wa Gondokoro na mtu wa Rejaf, ambao waliweza kuitana kwa sauti kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, mmoja alikuwa chini ya Uganda na mwingine chini ya Leopold.

Hapo Rejaf pia, mwezi wa Aprili 1928, Waingereza na wamisionari walifanya mkutano wa kuamua watoto wa kusini wafundishwe kwa lugha zipi. Walizichagua za makundi makubwa, miongoni mwake Kibari, Kidinka, Kinueri, Kishiluki, Kilatuko na Kizande. Vitabu vya kwanza vya Kibari alivyovisomea baba yangu vilikuwa watoto wa mkutano ule. Mpwa wangu alitaka kujua walikaa chumba gani. Nilimwonyesha misheni ya zamani kwa mbali, nikasema, "Jirani na hapa," nikaona aibu ya mwalimu asiyejua mlango.

Saa tisa alasiri tulirudi mjini kwa njia ya magharibi ili tupite chini ya Jebel Kujur.

MLIMA NA NYUNDO

Jebel Kujur ni mlima wa mawe unaoonekana kutoka karibu kila ua wa Juba. Mtu akipotea mjini huutafuta kwa macho, akajua magharibi ni wapi. Kujur ni neno la mganga, mtu anayesema na mizimu, na jina hilo latosha kueleza wazee walivyouheshimu. Leo mlima huo ndio ghala la kokoto. Tangu mkataba wa 2005, watu waliporudi kwa maelfu na mji ukaanza kujengwa, mawe yake yamekuwa barabara, misingi, kuta na mifereji. Mashine zimekula upande mmoja hadi mwamba umebaki mweupe kama mfupa.

Chini ya mashine hukaa wanawake. Kila mmoja ana rundo lake, nyundo yake, kipande cha mpira wa gurudumu cha kukalia na gunia lililotundikwa juu ya fito kuzuia jua. Hupasua jiwe kubwa likawa dogo, na dogo likawa kokoto, wakauza kwa ndoo au kwa lori. Watoto wa umri wa mpwa wangu walikuwa pale pia, wamekunja uso ili vipande visiwaingie machoni. Mpwa wangu aliwatazama, nao wakamtazama, na soksi zake nyeupe.

Nilimsalimu mama mmoja, tukazungumza. Nilimwambia, kwa maneno ya mtu wa ofisini, kwamba mlima huu ni kumbukumbu ya mji na unaharibika. Hakukasirika. Alipasua jiwe lingine kwanza, kisha akasema, "Mwalimu, mlima niliukuta mkubwa na nitauacha mkubwa. Watoto wangu ndio wadogo."

Mpwa wangu akaniuliza pale pale, mbele ya yule mama, "Mjomba, kokoto za nyumba yetu zilitoka wapi?"

Zilitoka hapo. Malori mawili, msimu wa kiangazi tulipojenga. Nililipa, nikahesabu ndoo, nikalalamika kwamba zina vumbi. Sikuinua macho kuutazama mlima. Nilimwambia mtoto ukweli, na yule mama akacheka kicheko kirefu hata jirani zake wakageuka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri, na mawazo yangu hayajanyooka. Kumfukuza mwenye nyundo ni kumwondolea chakula cha jioni, na nyumba zitaendelea kuhitaji misingi. Lakini upande wa mashariki wa mlima, unaotazama mji, ungali mzima. Upande huo waweza kuwekewa alama na kuachwa, na machimbo yakapangiwa mahali kwingine penye mawe, na hawa kina mama wakapelekwa huko kwa utaratibu badala ya kukimbizwa. Kazi ya namna hiyo si ya miujiza. Ni ya mafaili na mihuri, na sisi watumishi wa serikali mafaili na mihuri tunayo. Kibao kimoja Gondokoro, chenye jina la Knoblecher, la Bombay na la watu wa Kibari waliowapa hao wote chakula, nacho gharama yake haizidi ya sherehe ndogo ya ofisi.

KWA WAZAZI

Wanaotaka kufuata njia hii na watoto wao wachague miezi ya Desemba hadi Machi. Waulize kwanza hali ya njia kwa wenyeji na kwa wakuu wa mahali. Kwenye mtumbwi mtoto akae katikati, na mwenye boti aliye na majaketi ya kuokolea apewe biashara mbele ya asiye nayo, hata kama bei imezidi kidogo. Kofia ni lazima. Jua la mtoni hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Kamera iachwe nyumbani kama hamna kibali, na daraja au jengo la serikali lisipigwe picha kabisa. Chukueni daftari badala yake. Mtoto achore. Na mkikutana na mzee shambani, msalimuni kwanza, mkae, ndipo muulize. Mzee anayeulizwa akiwa amesimama hutoa jibu fupi.

Ndimu za Gondokoro dada yangu alizitia achari pamoja na pilipili na chumvi. Mbegu zake mpwa wangu alizipanda katika mkebe wa maziwa, na tatu zimechipua.

Daftari lilirudishwa shuleni Jumatatu. Chini ya Kilwa, Ngome ya Yesu na Olduvai aliongeza la nne, Gondokoro, na la tano, Jebel Kujur, ingawa swali lilitaka matatu tu. Mwalimu wake alilirudisha na alama zote, na kwa kalamu nyekundu aliandika swali: mtumbwi unachukua watoto wangapi? Tumekwenda kumwuliza mwenye mtumbwi. Anasema kumi na wawili, na kwamba twende kabla ya mvua za Aprili.